SAM CLI kwa laini ya Lamu: uzoefu wangu

Ninaitumia SAM CLI, zana ya kuandika amri kwenye terminali ya kujenga na kupakia programu kwenye wingu la AWS (huduma za kompyuta za Amazon), kwa mfumo wa kuhifadhi vyumba vya nyumba za wageni za Shela na Langoni. Kazi kama hii haina haja ya seva inayowaka usiku na mchana. Mei na Juni, kusi inapovuma, siku nzima yaweza kupita bila ombi. Maulidi yakikaribia, maombi hayakatiki. Lambda, huduma ya AWS inayoendesha msimbo pale tu ombi linapokuja, hutoza kwa idadi ya maombi na muda wa kuendesha, na maombi milioni 1 ya kwanza kila mwezi ni ya bure.

Ninachoisifia zaidi SAM CLI ni kwamba inavumilia mtandao mbovu. `sam deploy --guided` hukuuliza maswali na kuandika majibu kwenye samconfig.toml, na baadaye `sam deploy` tupu inatosha. Kisha hupakia zipu ya msimbo kwenye S3 (ghala la faili la AWS), na CloudFormation (huduma inayojenga mfumo wako huko) ikishapokea agizo, kazi inafanyika hukohuko winguni. Laini ikikatika (na ndani ya kuta nene za matumbawe za Mkomani, itakatika) terminali yako itakwama lakini staki (mkusanyiko wa sehemu zote za mfumo wako) itaendelea kujengwa. Ukirudi hewani, tazama hali yake kwa `aws cloudformation describe-stacks`.

Balaa ni kukatikiwa kabla zipu haijafika. Ipunguze uzito: kwenye template.yaml, faili inayoeleza sehemu za mfumo, hamishia maktaba zote za msimbo kwenye leya (AWS::Serverless::LayerVersion), na chini ya Metadata yake uandike BuildMethod, kwa mfano python3.12. Baada ya hapo, ukibadilisha mstari mmoja wa msimbo, unapakia kilobaiti chache badala ya makumi ya megabaiti. Leya hazikuokoi na kikomo cha MB 250 baada ya zipu kufunguliwa, maana nazo zinahesabiwa humo.

Docker, programu ya kuendesha msimbo ndani ya kontena kwenye laptopu, ndiyo inayokula bando. `sam local invoke` na `sam local start-api`, amri za kujaribia msimbo kwenye laptopu, zote zinahitaji kontena, na picha yake (image) ni mamia ya megabaiti. Ivute penye waifai ya maana, kisha kila mara ongeza `--skip-pull-image`. Vilevile weka kwenye laptopu toleo lilelile la Python lililoandikwa kwenye Runtime ndani ya template.yaml. Likitofautiana, `sam build` itagoma, na dawa yake nyingine, `--use-container`, ni kupakua picha tena.

Mtego unaowanasa wengi: baada ya `sam build`, amri nyingine husoma folda ya .aws-sam/build, hazisomi faili unazohariri. Rekebisha msimbo, sahau kujenga upya, na `sam deploy` itakujibu "No changes to deploy" huku wewe unaona mabadiliko wazi mbele ya macho yako.

Uwekaji wa kwanza kabisa ukifeli, staki hubaki ROLLBACK_COMPLETE na haikubali kusasishwa. Usihangaike nayo, `sam delete`, rekebisha, anza upya. Ukichagua kanda ya Cape Town, af-south-1, iwashe kwanza kwenye akaunti, maana haiji ikiwa imewashwa. Usipofanya hivyo utaambiwa tokeni yako ni batili, na utabadilisha funguo bure.

Timeout (muda wa juu wa kuendesha) ya kawaida ya Lambda ni sekunde 3 na kumbukumbu MB 128. Kwa kazi inayosubiri jibu la huduma ya malipo, hiyo ni njaa. Mimi huanza na sekunde 15 na MB 512, kwa sababu nguvu ya prosesa hupanda pamoja na kumbukumbu.

Kasoro ninayoilalamikia ni `sam delete`. Inaomba uthibitisho, ndiyo, lakini ukishakubali huondoka na jedwali la DynamoDB (hifadhidata ya AWS) pamoja na nafasi zote za wageni, ilhali kumbukumbu za matukio (logs) za CloudWatch, huduma ya ufuatiliaji, zilizojiunda zenyewe zinabaki zikilimbikiza gharama. Kwenye template.yaml, weka `DeletionPolicy: Retain` kwa kila jedwali, na utangaze LogGroup (kundi la kumbukumbu hizo) yako mwenyewe yenye RetentionInDays, siku za kuzihifadhi. Mimi naweka 14.