Bitwarden ya bure baada ya miezi minane: siku iliyonigomea nikaitukana bure

Kwanza niseme tu hii apu nilikua siitaki. Mdogo wangu ndo aliniwekea kwa nguvu, manake mi nilikua na paswedi moja naizungusha kila mahali, naongeza 1 ama 2 pale mwishoni halafu najiona mjanja. Bitwarden ni apu ya kutunza paswedi, wewe unakumbuka moja tu kubwa ya kufungulia, zingine zote inakutungia yenyewe na kukujazia ukifika kwenye saiti husika. Ni bure, paswedi weka utakavyo, simu na laptopu zote, sijalipa hata shilingi. Kuna ya kulipia pia ila kwa shughuli zangu sijaona haja.

Hayo kila mtu anayasema lakini. Kilichonikalisha chini niandike ni jioni moja mwezi uliopita.

Mi nafanya kazi za mtandaoni, nasikiliza rekodi za watu nazigeuza maandishi, mteja yuko ng'ambo, analipa kwa PayPal nami natoa kwa M-Pesa. Siku hiyo nilikua nasubiri dola 85, niko Likoni kwenye msongamano wa feri, begi kifuani, simu mkononi, imeili ikaingia. Jina la aliyetuma PayPal, nembo ile ile ya P mbili, ati malipo yako yamezuiliwa, thibitisha akaunti ndani ya masaa 24. Sasa hapo mtu ana njaa na kodi ya nyumba inamsubiri, nani atakaa ahesabu nukta? Nikabonyeza. Ukurasa uliofunguka wallahi pacha wa ule wa kweli, nikagusa pale pa kuandika imeili nikangoja Bitwarden iniletee akaunti yangu juu ya kibodi kama kila siku. Kimya. Nikagusa tena, kimya. Nikaitukana hapo hapo, ndo vitu vya bure hivi, nikaifungua mwenyewe nikatafuta paswedi ili niikopi nikaibandike kwa mkono, na kidole kishafika kwenye kitufe cha kukopi ndo nikajiuliza, juzi tu ilinijazia vizuri, leo imepatwa na nini?

Nikarudi kwa ile anwani ya juu. Mwanzo wake paypal.com kabisa, ila haikuishia hapo, ilifuata nukta nyingine na maneno marefu yasiyo na kichwa wala miguu. Na anwani husomwa kuanzia nyuma jamani, mwenye nyumba ni yule wa mwisho pamoja na mkia wake kama .com, kabla ya mkwaju wa kwanza (alama hii /, ukiacha zile mbili za https://), wote waliotangulia ni majina ya vyumba tu na chumba chako unaweza kukiita hata Ikulu. Bitwarden haina habari na nembo wala rangi, inalinganisha jina la mwenye nyumba na lile ulilohifadhi, yakipishana haikuletei kitu. Ndo maana ilinyamaza. Mimi nilikua naangalia picha.

Na msiniambie mbona ungeangalia kale ka kufuli kando ya anwani. Kufuli ilimaanisha tu mazungumzo yenu njiani hayasikilizwi, haisemi unaongea na nani, mwizi naye anapata bure cheti cha kuwekea hiyo kufuli, Chrome wenyewe 2023 wakaitoa hiyo alama.

Basi nikagusa jina la mtumaji kwenye imeili, anwani halisi ikajitokeza, haina hata harufu ya PayPal. Halafu inaniita mteja mpendwa, wakati PayPal huandika jina lako ulilojisajili nalo. Nikaifowadi kwa phishing@paypal.com kisha nikafuta, ni kama vile tunavyozituma 333 kwa Safaricom zile meseji za ati nimekutumia pesa kimakosa. Nikafungua apu ya PayPal yenyewe kuangalia, hakuna kizuizi chochote, mteja kumbe hata alikua hajatuma bado!

Ningekua nishaandika paswedi kwenye ule ukurasa kazi ingekua kuibadilisha mbio mbio kupitia apu ya kweli, nikague malipo ya kujirudia, na kwa vile kadi imeunganishwa nipigie benki waifunge. Na kwa tabia yangu ya zamani paswedi hiyo hiyo ingefungua na imeili yangu, hapo ndo ningelia.

Kasoro zipo. Ile paswedi kuu ukiisahau umekwisha, wao hawaijui kwa hiyo hawawezi kukurudishia. Pia haikuzuii kukopi na kubandika mwenyewe, mmeona nilivyobakisha kidole. Na kuna wizi mmoja haiugusi kabisa, mtu anafungua akaunti PayPal anakutumia ankara, imeili inatoka PayPal kweli, anwani safi, jina lako sawa, ila kwenye maelezo kaandika umenunua bitcoin za dola mia nne na kitu, kama si wewe piga namba hii. Hapo hakuna paswedi ya kujaza, kwa hiyo apu haina la kusema, ukipiga hiyo namba unaongea na mwizi mwenyewe kwa sauti yake nzuri ya ofisini. Usipige wala usilipe, kama una wasiwasi ingia kwenye akaunti yako uone kama kuna hela iliyotoka.

Nyota 4 kati ya 5. Wiki jana nimemwekea na shangazi, yeye huuza mabuibui mtandaoni. Paswedi yake kuu ni maneno manne aliyoyachagua mwenyewe, kayaandika kwa kalamu kwenye karatasi kaificha mahali jikoni, na mimi niliyemwekea hataki kuniambia ni wapi.