Helios 44-2 ya zamani kwenye Sony a6000: nilichokiona hapa Moshi

Lenzi niliirithi kwa baba mdogo, ikiwa kwenye kamera ya Zenit ambayo shata yake ilishakufa. Ni Helios 44-2, milimita 58, f/2 (tundu la mwanga likifunguka lote), kazi ya Wasovieti. Nilichonunua ni adapta tu ya kuifunga kwenye kamera yangu ya Sony a6000: kutoka M42, skrubu ya lenzi hizi za zamani, kwenda Sony E, mdomo wa lenzi wa kamera hiyo. Ndani haina kioo wala umeme. Ni pete ya chuma inayoshika nafasi.

Na nafasi hiyo ndiyo kila kitu. Lenzi za M42 zinataka milimita 45.46 kutoka kitako cha lenzi hadi kwenye sensa, sehemu ya kamera inayopokea picha. Sony E ina 18, kwa hiyo adapta ijaze 27.46. Ya kwanza niliyoagiza mtandaoni ilizidi unene, na hapo lenzi haifiki fokasi ya mbali. Nyumbani sikujua, maana watoto nikiwapiga kwa mita mbili walitoka safi. Nilishtuka asubuhi moja, saa kumi na mbili na nusu, mlima umejitokeza wote: nimezungusha pete mpaka imegota, miti ya jirani imekaa sawa, Kibo, kilele cha Kilimanjaro, haiko kwenye fokasi. Pesa ikapotea. Ya pili ilikuwa ghali zaidi, ila theluji ilikaa kwenye fokasi nikiikuza kwenye skrini. Ukiwa Moshi jaribu adapta yako kwa Kibo, na uwahi kabla mawingu hayajaufunika.

Kamera ikigoma kupiga, ingia kwenye menyu uiruhusu ipige bila lenzi. Haiitambui Helios.

Baada ya hapo ni raha. Pete za tundu ni mbili: moja naiweka kwenye kikomo ninachotaka, nyingine inazunguka laini. Nafokasi kwa f/2 nikifuata rangi inayowaka kwenye kingo za kitu, kisha nafunga tundu bila kutoa jicho. Kwenye modi ya A, tundu nikiliweka mwenyewe, kamera inapima mwanga yenyewe. Kwa sensa hii, ndogo kuliko fremu ya filamu ya zamani, inaona kama lenzi ya milimita 87, urefu mzuri wa kupiga sura. Ule mzunguko maarufu wa Helios, vitu vya nyuma kuonekana kama vinazunguka, hupungua, kwa kuwa pembe za picha zinakatwa. Jua likiingia mbele, rangi zinafifia, hivyo nakinga kwa mkono.

Harusini siipeleki, watu wanaocheza wananishinda kuwafokasi kwa mkono. Lakini bibi, ameketi kihambani, shamba la nyumbani, Marangu, mwanga ukipenya kwenye majani ya migomba nyuma yake, nilimpiga f/2.8 na kila mkunjo wa uso wake upo. Ameniomba nimchapishie mbili.