Clemente wa 1971, Daraja la 8: Uzoefu Wangu na Muuzaji Asiyetaka Kadi Yake Ikaguliwe

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Yeyote anayekusanya kadi za zamani za besiboli zenye madaraja ya juu, hasa hapa Pennsylvania ambako Pirates wa Pittsburgh, timu ya besiboli ya ligi kuu, wana wapenzi wengi na bei za mashujaa wao hazishuki kirahisi, ni vizuri asome haya kabla hajampa arubuni muuzaji anayeamini kwamba namba ya daraja, kati ya 1 na 10, ambayo kampuni ya kupanga madaraja huiandika juu ya kasha la plastiki inamoifungia kadi, imemaliza mazungumzo. Jina la muuzaji wangu silitaji. Ana meza kubwa kwenye maonyesho ya kadi, ana makabati ya vioo yenye taa nzuri, na hadi siku hiyo nilikuwa namhesabu miongoni mwa watu wa kuaminika katika biashara hii.

Kadi niliyokuwa nikiitafuta ni ya Roberto Clemente, mchezaji wa Pirates, toleo la mwaka 1971 la Topps, kampuni inayotengeneza kadi hizi, namba 630. Mwaka ule ndio Clemente aliwabeba Pirates hadi ubingwa dhidi ya Orioles wa Baltimore, akapata pigo salama, yaani pigo linalomfikisha mpigaji kituoni, katika kila mmoja wa michezo 7 ya fainali na kuchaguliwa mchezaji bora wa fainali hizo. Ni mwaka huohuo ambao, tarehe 1 Septemba, Pirates waliingiza uwanjani kikosi cha kwanza katika historia ya ligi kuu ambacho wachezaji wote 9 walioanza walikuwa Weusi na Walatini, naye akiwamo. Mwaka uliofuata alifikisha mapigo salama 3,000, na usiku wa tarehe 31 Desemba 1972 ndege aliyokuwa amepanda, iliyobeba misaada ya waathirika wa tetemeko la ardhi nchini Nicaragua, ikaanguka baharini muda mfupi baada ya kuruka kutoka San Juan, Puerto Rico. Mimi nimezaliwa Afrika Mashariki na sikukua na mchezo huu, lakini tangu nilipoyafahamu maisha ya mtu huyu nimekuwa nikitafuta kadi zake moja baada ya nyingine, na hii ya 1971 nilitaka iwe nzuri kuliko zote.

Ugumu wa toleo la 1971 uko kwenye pambizo. Topps waliizungushia kila kadi pambizo nyeusi pande zote nne, na weusi ule ni wa juu tu: ni wino uliochapwa kwenye uso wa karatasi ngumu ambayo ndani yake ni ya rangi hafifu, karibu na kijivu. Watoto wa Marekani wa wakati ule walizifunga kadi zao kwa mipira, wakazitia mifukoni, wakazibadilishana shuleni, na kila mguso wa ukucha ulimega chembe ya weusi na kuacha doa jeupe linaloonekana kwa mbali. Kadi ya toleo jingine yenye dosari kama hiyo ingeweza kupita bila kutambuliwa, ila hii haina pa kujificha. Ndiyo maana zilizobaki na kona nyeusi zisizomegeka ni chache, na ndiyo maana bei huruka kwa namna ya kushtua kutoka daraja la 7 kwenda la 8, kisha kutoka la 8 kwenda la 9, ilhali mtu asiyezoea akizitazama kutoka upande wa pili wa meza hawezi kuona tofauti yoyote. Sababu hiyohiyo ndiyo inayomshawishi mtu mwenye kalamu nyeusi na dhamiri nyepesi kuyajaza yale madoa.

Muuzaji alinitumia picha ya mbele na ya nyuma. Bei aliyoitaja ilikuwa juu kwa karibu robo kuliko bei ambazo kadi za daraja hilo zilikuwa zimeuzwa minadani karibuni, na hapa nazungumzia mauzo yaliyokwisha kulipwa, kwa sababu bei ya kuombwa tu kila mtu anaweza kuandika anavyopenda. Hata hivyo sikuiona kuwa ya dhuluma. PSA, moja ya kampuni za kupanga madaraja, kwa mfano, huruhusu kadi ya daraja la 8 iwe na picha iliyosogea hadi pambizo mbili zinazokabiliana ziwe na uwiano wa 65 kwa 35 upande wa mbele, kwa hiyo kuna kadi za daraja la 8 ambazo picha imebanwa upande mmoja na nyingine ambazo imekaa katikati kabisa, na ni haki hizo za pili ziuzwe ghali zaidi ingawa namba ni ileile. Ya kwake ilikaa katikati vizuri sana. Tukapatana kwamba nitatoa arubuni ya dola 200 ili asiiuze kwa mwingine, kwamba nitaikagua kwa macho yangu siku ya maonyesho, na kwamba nisiporidhika atanirudishia fedha yangu. Maneno hayo ninayo kwa maandishi, tena yake mwenyewe.

Siku ya maonyesho nilikwenda na lenzi ya kukuza mara 10, ile wanayoitumia masonara, pamoja na tochi ndogo. Mbele ya kadi ilikuwa ya kupendeza mno; saini ya Clemente iliyochapwa juu ya picha ilikuwa kali, rangi hazikufifia, na sikuona mkunjo wala mkwaruzo. Nikaligeuza kasha taratibu ili mwanga uingie kwa ubavu. Pambizo za juu, chini na kushoto ziliakisi mwanga kwa mng'ao mmoja, kama wino wa kiwandani unavyopaswa kufanya. Pambizo ya kulia, kuanzia kona ya juu hadi karibu na katikati, ilikuwa na kijistari chembamba kisichong'aa, na kikishikwa na tochi kilitoa rangi ya zambarau. Nikaliinamisha kasha zaidi hadi nikauona ukingo wenyewe, pale ambapo kisu cha kiwandani kilipita na ambapo palitakiwa paonekane karatasi tupu ya kijivu. Pande nyingine tatu karatasi ilionekana. Upande ule wa kulia weusi ulikuwa umeingia hadi kwenye mkato, umelowana ndani ya nyuzi za karatasi. Mashine ya kuchapa haiwezi kuacha alama ya namna ile, kwa sababu kadi huchapwa kwanza zikiwa karatasi moja kubwa ndipo zikatwe.

Nilimweleza kwa sauti ya chini ili wateja wengine wasisikie, maana sikutaka kumwaibisha. Nikamwomba aangalie mwenyewe kwa lenzi yangu. Hakuigusa lenzi. Alinipokonya kasha mkononi, akanionyesha ile namba 8 kwa kidole, akasema kwamba imeandikwa pale na watu wanaojua kazi yao, na kama sijui kusoma niwapishe wenye fedha. Kisha, huku mteja aliyesimama pembeni yangu akisikia kila neno, akaniuliza kama huko nilikotoka kuna besiboli.

Swali hilo nimelibeba tangu siku ile na bado halijanitoka. Mwaka 2012 vijana wa Lugazi, Uganda, walikuja hapahapa Pennsylvania, katika mji wa Williamsport, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League, ligi ya besiboli ya watoto. Kwa hiyo jibu ni ndiyo, ipo, na hata isingekuwapo, macho yangu yangeuona wino uleule. Kinachonichoma zaidi ni kwamba aliniuliza hivyo akiwa ameishika mkononi kadi ya Clemente, mtu ambaye waandishi wa magazeti wa wakati wake waliyanukuu maneno yake kwa tahajia ya kukejeli lafudhi yake ya Kihispania, na ambaye kadi zake nyingi za miaka ya 1960 ziliandikwa Bob ilhali mwenyewe alijiita Roberto. Mtu anayeishi kwa kumuuza Clemente alipaswa kulijua hilo kabla ya kufungua kinywa.

Nirudi kwenye namba. Sisemi kwamba kampuni za kupanga madaraja hazina maana. Zimeifanya biashara hii iweze kuvuka miji na nchi, na bila hizo sidhani kama mtu angethubutu kulipa dola milioni 12.6 kwa kadi moja, kama ilivyotokea Agosti 2022 kwa kadi ya mchezaji Mickey Mantle ya Topps ya 1952 iliyopewa daraja la 9.5 na SGC, kampuni nyingine ya kupanga madaraja. Lakini daraja ni maoni ya mtu aliyeikagua kadi siku fulani, na maoni hukosea. Historia ya Pittsburgh yenyewe ina mfano ambao muuzaji yule hawezi kuwa hajausikia: kadi ya Honus Wagner, gwiji mwingine wa Pirates, ya toleo la zamani liitwalo T206, ile iliyonunuliwa mwaka 1991 na nyota wa hoki ya barafu Wayne Gretzky na mmiliki wa timu yake, Bruce McNall, kwa dola 451,000. Ilikuwa kadi ya kwanza kupangiwa daraja na PSA, ikapewa 8, na mwaka 2013 Bill Mastro, aliyewahi kuiuza, alikiri mahakamani kwamba aliipunguza kingo zake. Ikiwa kadi mashuhuri kuliko zote ilipita na kingo zilizokatwa, iweje Clemente wa 1971 asipite na kona iliyopakwa wino? Kadi iliyoongezwa rangi haistahili namba yoyote. Wanaopanga madaraja wakigundua huirudisha bila namba au huiandikia kuwa ni halisi lakini imefanyiwa marekebisho, na hapo bei yake huanguka hadi sehemu ndogo ya ile niliyoombwa.

Nijitahidi kutenda haki. Siwezi kuapa kwamba ni yeye aliyeshika kalamu. Kasha lile ni la miaka mingi, na inawezekana kabisa kwamba kadi ilipakwa kabla hata hajaifahamu, na kwamba naye aliinunua kwa kuiamini namba. Zaidi ya hapo, miaka kadhaa iliyopita niliwahi kununua kwake Clemente wa 1969 wa daraja la 7, na hadi leo ndiyo kadi niliyoipata kwa bei nzuri kuliko zote. Kona zake nimezikagua kwa lenzi ileile na ni safi. Alinifungia vizuri, akanitumia mapema, hata akanipunguzia gharama za posta bila kuombwa. Nikiyakumbuka hayo, huwa naanza kufikiri kwamba huenda siku ile alikuwa na mambo yake, kwamba maonyesho yanachosha, na kwamba nyota tatu kati ya tano katika tathmini hii zingemtosha.

Ila nikifika kwenye arubuni, nyota hizo nazirudisha. Nilimwandikia baadaye, kwa adabu, nikamkumbusha mapatano yetu. Akanijibu kwamba nilimharibia mauzo mbele ya mteja na kwamba fedha ile imekuwa fidia. Nikamtumia maneno yake mwenyewe. Akakaa kimya kwa muda mrefu, kisha akanirudishia dola 100 bila maelezo yoyote, na nilipouliza nusu iliyobaki akaniambia nishukuru. Mtu aliyeiuza kadi yake kwa kuamini tu asingekuwa na sababu ya kuogopa lenzi, wala ya kunilipisha dola 100 kwa kosa la kuangalia. Angeweza kusema, "Ndugu, hebu tuipeleke ikaguliwe upya," na ningesubiri, pengine hata ningechangia gharama, kwa sababu nilikuwa naitaka kadi ile kwa moyo wote na nilikuwa tayari kuambiwa kwamba nimeona visivyo.

Kwa hiyo anayetaka kununua daraja la 8 au la 9 la toleo hili, kwa muuzaji yeyote, alinganishe kwanza na mauzo yaliyokamilika ya kadi yenye namba ileile kutoka kampuni ileile, akikumbuka kujumlisha ada ya mnunuzi ambayo kwenye minada mikubwa huwa karibu asilimia 20; kisha adai picha za kingo zote nne zilizopigwa kasha likiwa limeinamishwa. Anayekataa kupiga picha hizo tayari ameshajibu. Mimi nimeamua kwamba daraja la 7 lenye madoa yake meupe ya kweli linanitosha, ingawa nakiri kwamba nikiiona 8 safi iliyokaa katikati nitaitaka tena.

Kadi ile imerudi kwenye orodha ya mauzo ya muuzaji yule. Bei ameipandisha, maelezo yanaisifu kwa pambizo zake nyeusi, na picha alizoweka ni mbili tu, ya mbele na ya nyuma.