Ombi Bungeni kuhusu huduma za watoto: linafaa lini, linakwama wapi

Nairobi ina milango mingi ya kupeleka malalamiko kuhusu huduma za serikali kwa watoto, na ule wa Bunge ndio unaobishwa kwa makosa mara nyingi. Haki ya kupeleka ombi ni ya kila mtu chini ya Ibara ya 119 ya Katiba, na hakuna ada. Utaratibu umo katika sheria ya 2012 ya maombi kwa Bunge na katika Kanuni za Kudumu, yaani kanuni za kuendesha shughuli za Bunge. Tumeupima kama huduma nyingine yoyote: unaingia vipi, unapata nini, unaachwa wapi.

Kwanza, Bunge si mahali pa dharura. Mtoto anayepigwa Kayole usiku huu anahitaji 116, simu ya bure inayopokewa saa 24; anahitaji afisa wa watoto wa kaunti ndogo na kituo cha polisi kitakachotoa nambari ya OB (kitabu cha kuandikia matukio). Kamati ya Bunge haiwezi kumhamisha mtoto kutoka nyumba moja hadi nyingine, wala haiingilii kesi iliyo mbele ya Mahakama ya Watoto. Inachoweza ni kuuliza kwa nini malalamiko ya aina moja yanarudi kila mwezi kutoka ofisi ile ile. Hapo ina meno: Ibara ya 125 inaipa kamati uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kumwita mtu yeyote na kumlazimisha alete hati. Afisa asiyejibu barua yako atajibu wito huo.

Kuandika ombi si kazi ngumu, lakini ni kazi ya umakini. Linaweza kuandikwa kwa mkono au kuchapwa, kwa Kiswahili au Kiingereza, na tunashauri Kiswahili pale wanaolalamika wanakizungumza, kwa sababu watakapoitwa mbele ya kamati watayatetea maneno yao wenyewe. Lugha iwe ya heshima. Maandishi yasifutwefutwe wala kuchomekwa maneno juu ya mstari. Kama kurasa ni zaidi ya moja, mada ionekane kwenye kila ukurasa. Kila anayelalamika aweke jina, anwani, nambari ya kitambulisho na sahihi au alama ya dole gumba, moja kwa moja kwenye karatasi ya ombi. Hapa ndipo vikundi vingi vya mtaani hujikwaa: sahihi hukusanywa kwenye daftari la mkutano, kisha kurasa hutolewa nakala na kubandikwa. Sahihi za kubandika hazikubaliki.

Mambo mengine mawili lazima yasemwe waziwazi: kama suala liko mahakamani, na juhudi zipi zilifanywa kabla ya kuja Bungeni na zilijibiwaje. Hili la pili ndilo huamua uzito wa ombi. Njia nzuri ya kulitimiza ni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andikia ofisi husika ukiomba takwimu unazotaka, na uhakikishe nakala yako imepigwa muhuri wa kupokelewa. Wana siku 21 za kujibu, au saa 48 kama habari inahusu uhai au uhuru wa mtu. Wakijibu, una takwimu. Wakikaa kimya, ukimya huo wenye tarehe ni ushahidi.

Kisha kuna kile unachoomba, mstari wa mwisho wa ombi, na ndio dhaifu kuliko yote. “Tunaomba Bunge liwasaidie watoto wetu” halimpi mbunge kitu cha kushika. Linganisha na hili: “Kamati ichunguze idadi ya maafisa wa watoto katika kila kaunti ndogo ya Nairobi, idadi ya kesi walizopokea mwaka wa fedha uliopita na fedha za usafiri walizopewa, kisha iwasilishe mapendekezo.” Kila sehemu ya ombi hilo inadai karatasi fulani kutoka kwa mtu fulani.

Tahadhari moja hatutaki ipite haraka. Ombi husomwa kikaoni na kuingia kwenye Hansard, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa Bungeni. Usiandike jina la mtoto, shule yake wala jina la mzazi wake. Akishatajwa hapo, hafutiki.

Angalia pia unapeleka wapi. Idara ya watoto, makao ya serikali na rimandi za watoto ni mambo ya serikali kuu, kwa hiyo ni Bunge la Taifa au Seneti. Lakini vituo vya kulea watoto mchana, kama vile vya Mukuru, viko chini ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Ombi hilo liende Bunge la Kaunti. Ukilikosea hili, unapoteza wiki kadhaa bure.

Karani wa Bunge, anayepokea maombi, ana siku 7 za kukagua ombi na kukuelekeza urekebishe. Seneti inaipa kamati siku 60 za kalenda tangu ombi lisomwe ili ilijibu kwa ripoti. Mpaka hapo huduma inastahili sifa, na tunaipa nyota nne kati ya tano.

Baada ya ripoti ya kamati kupitishwa, nyota zinabaki mbili. Kanuni za Bunge la Taifa zinampa waziri siku 60 kueleza amefanya nini kuhusu mapendekezo, lakini siku hizo hupita bila mtu kuuliza. Basi uliza wewe. Hesabu kuanzia tarehe ya kupitishwa, na siku ya 61 umwandikie Karani ukitaka taarifa ya waziri. Soma pia ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, inayotakiwa kufikia 31 Desemba kila mwaka. Ndiyo itakayoonyesha kama fedha zilizoahidiwa zilifika. Huduma za watoto zilihamishiwa wizara nyingine mwaka 2025, kwa hiyo hesabu za miaka ya nyuma zitafute chini ya idara ya ulinzi wa jamii. Na usichelewe: uchaguzi ni Agosti 2027, na ombi ambalo halijakamilika hufa pamoja na Bunge lililolipokea.