TAHADHARI: Anayeuza mashine "mpya" za kunyanyulia wagonjwa hapa Dar, msimtumie hela

Ndugu zangu, hasa mnaouguza wazee nyumbani, someni hii kabla hamjamtumia mtu hela. Jina simtaji kwa sababu suala liko polisi na RB ninayo, ila nitaeleza ya kutosha ili mkikutana naye mumjue.

Baba yetu alipata kiharusi, upande wa kulia haufanyi kazi. Ana kilo 96. Miezi saba mimi na mdogo wangu tumekuwa tukimnyanyua kwa mikono, kutoka kitandani kwenda kwenye kiti cha magurudumu na kumrudisha, mpaka kiuno cha mdogo wangu kikagoma, tukawa na wagonjwa wawili. Ndipo tukaanza kutafuta ile mashine yenye mlingoti na mkono, mgonjwa anakaa ndani ya kitambaa anainuliwa taratibu.

Nikaona tangazo Instagram: mpya kabisa, ya Ujerumani, ya betri, inabeba kilo 200, inaletwa mpaka mlangoni. Milioni moja na laki nane. Nikapiga. Jamaa ana lugha tamu huyo! "Pole sana dada, mzee atanyanyuka inshallah." Akataka nusu kwanza kwa M-Pesa ili mzigo utoke stoo. Jina lililokuja kwenye muamala lilikuwa la mwanamke, akasema ni mhasibu wake. Nikaamini, uchovu ulikuwa umeshanila akili. Sasa nikikumbuka, yale mazungumzo yote hakuuliza hata mara moja baba ana kilo ngapi, anaweza kukaa mwenyewe, shingo yake inakaza. Muuzaji anayeijua kazi yake anaanza na hayo, bei inafuata.

Mzigo ukaja na kirikuu saa mbili usiku, dereva ana haraka, anataka salio kabla hajashusha. Nikamalizia.

Kaka yetu yuko Uingereza, anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mashine hizi anazishika kila siku. Nikampigia kwa video nimwonyeshe. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hebu shusha simu, niangalizie chini ya boksi la betri." Pale palikuwa na stika iliyokwanguliwa nusu, lakini tarehe inasomeka: ukaguzi unaofuata, Machi 2016. Kaka akanieleza kwamba kwao kuna kanuni za mwaka 1998, kila mashine inayonyanyua watu lazima mtaalamu aikague kila miezi 6. Hiyo yangu ilishatolewa kazini huko, ikapandishwa kontena. Kununua mtumba si kosa, na ipo mizuri tu. Ila uambiwe ni mtumba, ulipe bei ya mtumba.

Akaniambia tena nikwangue kwa kucha ile karatasi ya "kilo 200" kwenye mlingoti. Chini yake, maandishi ya kiwandani: 150. Mtasema si bado baba anaenea? Mimi pia nilisema hivyo. Kaka akasema mashine ina nguvu ya kipande chake kilicho dhaifu kuliko vyote, akaomba kuona kitambaa. Kitambaa chenyewe kilikuwa turubai la bluu lililoshonwa hapa hapa mjini, uzi mstari mmoja, hakina lebo ya saizi wala ya uzito. Kaka anasema kwao kitambaa ambacho lebo yake haisomeki tena kinatupwa, hata kama kinaonekana kizima.

"Baba asikanyage humo," akasema. "Weka saruji kwanza."

Kwa jirani kulikuwa na ujenzi, tukaazima mifuko miwili, kilo 100. Mara ya kwanza ikapanda. Mara ya pili, ilipofika usawa wa godoro, kitanzi cha upande wa mguu kikafumuka, mfuko mmoja ukaporomoka na kupasukia kwenye vigae. Sebule nzima vumbi. Baba alikuwa anatuangalia kutoka kitandani mlango ukiwa wazi. Hakusema neno, akageuza uso ukutani.

Na mashine haikuinuka tena, betri ilikuwa imekwisha, na kile kifaa cha kushushia mgonjwa kwa dharura kilikuwa kimevunjika. Fikirieni mzee ananing'inia hewani, betri imekata, hakuna pa kumshushia. Kwa umeme wetu huu wa kukatika-katika, ya kupampu kwa mkono ingenifaa zaidi, mradi haivuji oili na ukiiacha na mzigo nusu saa haishuki yenyewe.

Kesho yake nikapiga simu, nimeshazuiwa. Nikaenda kwenye anuani ya tangazo, ni duka la mapazia, wenyewe wanashangaa mimi ni mtu wa nne.

Mmoja wa hao watatu wa kabla yangu nimempata, yuko Morogoro. Yeye aliuziwa ile ya kumsimamisha mgonjwa, wakati mama yake miguu haina nguvu kabisa. Ile ni ya mtu anayeweza kukanyaga na kujishikilia, mwingine anateleza kwapani. Mfiziotherapia angemwambia kwa dakika tano.

Mnaonunua kwingine, pimeni kwanza uvungu wa kitanda, miguu ya mashine lazima iingie chini, na vitanda vyetu vingi vya boksi vinagusa sakafu. Vitambaa vya vitanzi na vya klipu havichanganywi, nunueni kinachoendana na chuma cha kuning'inizia. Miguu ya mashine itanuliwe wakati wa kunyanyua. Na hili lilinishangaza: kwa kawaida magurudumu hayafungwi breki wakati wa kumwinua mtu, mashine inahitaji kujisogeza yenyewe ijiweke sawa, ukiifunga inaweza kupinduka. Someni maelekezo ya yenu. Muulizeni muuzaji kama kifaa kimesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, msikilize atakavyojibabaisha.

Huyu jamaa ameshafungua ukurasa mwingine. Picha ni zile zile, vigae vyeupe na pazia la kijani nyuma. Hakubali uende kuona mzigo mchana, na "mhasibu" hakosekani. Namba yake nimeituma 15040, namba ya kuripotia matapeli wa simu, nanyi mliotapeliwa tumeni, kisha nendeni kituoni mkachukue RB.

Wawili wamenifuata inbox wakiuliza kama naiuza. Siiuzi hata kwa bei ya chuma chakavu, polisi wamesema nisiiondoe hapa.