OpenGL kwa michoro ya 2D: kasi ipo, kazi ni kuitoa

Kwa wanaouliza kama inafaa kutumia OpenGL (mkusanyiko wa amri za kuchora kwa kadi ya grafiki) wakati gemu au programu yako ni 2D tupu, mimi nasema tumia, tena naipa alama za juu, ila ukiitumia ovyo utaiona nzito kuliko hata kuchora kwa prosesa. Ilitoka Silicon Graphics mwaka 1992 kwa ajili ya 3D lakini kadi ya grafiki haijali, picha bapa kwake ni pembetatu mbili zenye tekscha (picha inayobandikwa juu ya umbo), unaweka projekshani bapa ya glOrtho au metriksi yako mwenyewe, unazima depthi testi (ukaguzi wa kipi kiko mbele ya kipi), unachora.

Wengi wanakwamia kwenye glBegin na glEnd, amri za kutaja umbo kona kwa kona. Mafunzo ya zamani yamejaa hiyo njia na kweli inaeleweka haraka, shida ni kwamba prosesa inatuma kona moja moja, halafu kila spraiti (picha ndogo ya mhusika au kitu) ina tekscha yake kwa hiyo unabadilisha tekscha kila saa, zikifika elfu kadhaa prosesa inahema na kadi imekaa tu inasubiri kazi. Ndio maana toleo la 3.0 la mwaka 2008 liliiweka kwenye orodha ya vitu vya kuachwa. Sasa fanya hivi, picha zote zipange kwenye tekscha moja kubwa, kona zote zitie kwenye bafa moja (sehemu ya kumbukumbu ya kuwekea data), tuma kwa amri moja ya kuchora. Aisee utashangaa! Spraiti ni zilezile, kompyuta ni ileile, na fremu zilizokuwa zinakatakata zinateleza. Ila acha nafasi ya pikseli kama mbili kati ya picha na picha humo ndani, bila hivyo filta ya GL_LINEAR, inayolainisha picha kwa kuchanganya pikseli za karibu, inachota rangi ya jirani na unaona vistari pembeni mwa spraiti.

Kingine ni uwazi, yaani picha zinazoonyesha kilicho nyuma yake, na hapa bafa haikusaidii kitu. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli zaidi ya milioni 2, ukirundika tabaka 10 za kujaza skrini nzima hizo ni zaidi ya milioni 20 kila fremu, na kwa fremu 60 kwa sekunde una milisekunde 16 na ushee tu. Kwenye 3D depthi testi inaruka vilivyofichwa, lakini vyenye uwazi lazima vichanganywe kuanzia nyuma kuja mbele, hakuna njia ya mkato. Mandhari ya nyuma ichore blendi (kuchanganya rangi na kilicho nyuma) ikiwa imezimwa, na kata zile pembe tupu za picha, zinalipiwa hata kama hazionekani.

Nisichokipenda ni maandishi, OpenGL haina kabisa, herufi unazitengenezea tekscha mwenyewe. Na glReadPixels, amri ya kusoma pikseli kutoka kwenye kadi, ikae mbali na lupu ya kuchora, ukiiita kawaida prosesa inasimama mpaka kadi imalize kila kitu. Kama picha yako inakokotolewa pikseli kwa pikseli na prosesa kila fremu, OpenGL itakusaidia kuionyesha na kuikuza tu kupitia glTexSubImage2D (amri ya kupeleka pikseli mpya kwenye tekscha), uzito wa kukokotoa unabaki palepale.