Brauza ninayotumia kila siku ni Firefox, na sababu kubwa ni bando

Nianze na jibu kabisa ili asiye na muda aondoke nalo. Kwenye simu ya Android natumia Firefox ikiwa na uBlock Origin ndani yake (ekstensheni, yani kiprogramu cha kuongezea kwenye brauza, hii kazi yake ni kuzuia matangazo), Chrome ipo pembeni kwa ajili ya fomu, Opera Mini naifungua mtandao ukiwa hoi. Wanaoniuliza ipi ina spidi zaidi huwa nawaambia zinakaribiana tu, maana Chrome, Brave, Edge, Opera kubwa, hata ile ya Samsung, zote zimejengwa juu ya Chromium ya Google, yani injini ni ileile wamebadilisha bodi. Firefox ndo imebaki na injini yake, Gecko, na Apple wana WebKit yao. Kwahiyo mtu akinambia kahama Chrome kaenda Edge kwa ajili ya spidi mi namuangalia tu.

Kwa mtu anayeishi kwa bando swali ni moja, hiyo brauza inakuachia uzuie matangazo au haikuachii. Chukua blogu yoyote ya mpira hapa bongo, ingia kutafuta kikosi cha leo. Habari yenyewe aya tatu. Juu tangazo, kati ya kila aya tangazo, chini kuna video inajicheza yenyewe hakuna aliyeiomba, halafu ukitaka kubonyeza "endelea kusoma" ukurasa unaruka kwa sababu tangazo lingine limeingia kwa juu, kidole kinatua kwenye kubeti. X ya kufungia imewekwa ndogo makusudi, ukiikosa kidogo tu umeshapelekwa Play Store. Na hayo yote unayalipia wewe! Kila picha na kila video imeshuka kwa MB zako, wakati maneno uliyokuja kuyasoma hayafikii hata uzito wa picha moja ya hapo.

Sasa uBlock Origin haisubiri tangazo lishuke ndo ilifiche, inaizuia simu isiende kulichukua, ndo maana bando linapona na ukurasa unafunguka chap hata kwenye 3G. Ni ya bure, na aliyeitengeneza, Raymond Hill, hapokei hata michango. Ila angalia jina vizuri, kuna nyingine inaitwa uBlock tu bila Origin, hiyo sio yenyewe. Kuiweka hakuna kazi, shusha Firefox Play Store, bonyeza vidoti vitatu, ingia sehemu ya ekstensheni, ipo hapo hapo, bonyeza alama ya kujumlisha, umemaliza. Zamani Firefox ya Android ilikuwa na ekstensheni chache za kuchaguliwa, Desemba 2023 ndo wakafungua geti na sa hivi zipo kibao. Chrome ya simu haina mambo hayo. Ya kompyuta ilikuwa nayo ila kuanzia 2024 Google wakaanza kuzima ekstensheni za mfumo wa zamani, uBlock Origin ikaenda na maji, limebaki toleo jepesi linaitwa uBlock Origin Lite. Hela kubwa ya Google inatoka kwenye matangazo, sa ulitegemea nini.

(Kichekesho ni kwamba Mozilla wenye Firefox nao sehemu kubwa ya mapato yao inatoka kwa Google haohao, wanalipwa ili Google iwe ndo injini ya kutafutia unayoikuta humo. Bado nipo nao, ila nalijua hilo.)

Sio kwamba Firefox haina kasoro. Kwenye simu ya RAM 2GB inachelewa kuamka, na ukitoka kidogo kwenda kujibu meseji WhatsApp ukirudi unakuta ukurasa unaanza upya, kama ulikuwa unajaza kitu kimeenda. Halafu kuna tovuti zimejengwa na watu ambao inaonekana walijaribu Chrome tu wakaenda kulala, unafika sehemu ya kupakia cheti kitufe hakiitikii kabisa, unahamia Chrome kinakubali mara moja. Ndo maana nimesema Chrome siifuti. Kitu kingine kidogo ila mi nakipenda, Firefox inakuachia uweke sehemu ya kuandikia anwani chini, na simu hizi za sa hivi ndefu kama nini, kidole gumba kinafika bila kuhangaika.

Chrome tuipe haki yake. Inatafsiri ukurasa wa Kichina au Kiingereza kuja Kiswahili palepale, na paswedi zako zinakaa kwenye akaunti ya Google kwahiyo simu ikiibiwa unaingia kwenye simu mpya unazikuta. Ilikuwa pia na kitu cha kuokoa data, kilikuwa kinasaidia sana watu wa huku, wakakiondoa 2022. Hapo ndo iliponipoteza.

Alafu kuna hili la arifa. Mi nipo steshenari, kutwa watu wanakuja kuomba kazi, kuangalia matokeo, kujaza fomu za mkopo. Kila mara anakuja mtu mzima na simu inapiga kelele.

"Mwanangu hii simu imeingia virusi, kila saa inaniambia nimeshinda, mara inaniambia betri inaharibika."

"Shikamoo mama. Naomba niione."

Unakuta hamna virusi wala nini. Kuna siku aliingia tovuti fulani ikamuuliza imtumie arifa, akabonyeza Ruhusu ili kile kiboksi kimtoke machoni, tangu hapo ile tovuti inamtumia takataka usiku na mchana hata akiwa hajaifungua. Dawa yake ingia Chrome, Mipangilio, Mipangilio ya tovuti, Arifa, utaona majina ya ajabu ajabu yamejipanga, moja moja Zuia. Dakika mbili simu imetulia. Watu kama hawa mi siwawekei Firefox, nawawekea Brave kwa sababu inazuia matangazo yenyewe tangu unapoifungua, hakuna cha kutafuta ekstensheni. Mmoja wa walioanzisha Brave ni Brendan Eich, huyohuyo aliyetengeneza JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kwenye tovuti, mwaka 1995. Kinachonikera ni vitu vyake vya sarafu za kidijitali, mara pochi mara tokeni, inabidi uingie uvifiche kwanza ndo umkabidhi mama simu yake.

Opera Mini ndo mkongwe wetu, waliotumia Nokia za Java wanaijua, ilikuja miaka ya 2005 na 2006 kutoka Norway na kwa wengi ndo ilikuwa intaneti yenyewe. Ukiiweka kwenye kubana kwa kiwango cha juu, ukurasa unafunguliwa kwanza kwenye seva za Opera, unapunguzwa uzito huko, wewe unatumiwa kilichobaki. Ukiwa kijijini ile alama ya E ya mtandao hafifu inakuja na kupotea, hamna brauza inayoigusa Opera Mini. Lakini fikiria maana yake, kama ukurasa unafunguliwa kule kabla ya kukufikia, basi na unachokiandika kinapita kule, na kampuni yenyewe tangu 2016 ipo kwa Wachina. Habari soma, msimamo wa ligi angalia, mambo ya benki hapana. Na tovuti zenye mambo mengi ya kubonyeza zinavunjika vunjika humo, fomu ndo usijaribu kabisa.

Wa iPhone siwasahau ila habari yenu ni fupi. Huku kwetu brauza zote za iPhone zinatumia WebKit ya Apple kwa ndani, hata Firefox, kwahiyo ule utamu wa uBlock Origin ndani ya Firefox hamuupati. Baki na Safari uongeze kizuia matangazo kutoka App Store.

Mwisho wa siku ukishashusha Firefox ingia mipangilio ya simu uifanye iwe brauza ya kwanza, la sivyo linki za WhatsApp zitaendelea kufunguka Chrome halafu uje useme nilikudanganya. Facebook na Instagram wao wanakufungulia linki ndani ya brauza yao wenyewe na uBlock haifiki humo, hivyo ukibonyeza linki huko gusa vile vidoti vitatu kwenye kona kisha uchague kuifungua nje.